Saa Saba

Hakuja kununua tiketi. Alinieleza mapema,
kabla hajakaa, nisije nikajisumbua:
"Mimi siendi popote, Umazi. Magoti haya
yameshindwa na ngazi zako, seuze za ndege.
Nataka kujua tu: toka Muskati
hadi huko Guangzhou, ni mwendo gani?"

Ofisi yetu iko ghorofani, Barabara ya Nkrumah,
juu ya daktari wa meno. Tunauza umra,
Dubai, Mumbai kwa wagonjwa wa moyo.
Safari zangu zote huanzia uwanja wetu wa Moi
au hurudi hapo, zimebeba mablanketi.
Sijawahi kuulizwa safari
isiyogusa Mombasa hata kwa gurudumu.

Nikabonyeza. Kompyuta ikafikiri.
"Kilomita elfu tano mia tano na kitu, Bi Mwanasaada.
Ndege ikienda moja kwa moja, saa saba."

"Saa saba ya mchana au ya usiku?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Kwake saa saba ni adhana ya adhuhuri imeshapita,
wali unapoa chini ya kawa.
Si kitu cha mtu kufungwa mkanda ndani yake
akaletewa juisi.

"Tena leo hakuna ya moja kwa moja," nikasema,
macho kwenye kioo. "Mtu atashukia Doha, angoje.
Jumla, saa kumi na tatu."

"Saa kumi na tatu," akarudia polepole.
"Hiyo kwetu haipo."

Akainuka akaiendea ramani ya ukutani,
ile ya shirika lililokufa, bahari zimepauka.
Akaweka kidole gumba Muskati
akaukunjua mkono. Shubiri haikufika.
Akaongeza nyanda nne, akagusa Uchina.

"Na kitanda cha Kuze kilikuwa na upana gani?
Walilala mzungu wa nne, huyu kichwa huku,
huyu miguu huku, na bado wakigombania shuka."

Twaha anauza vipuri vya magari, Ruwi.
Badi anapakia makontena: vigae, viatu, taa.
Nyumba ya Kuze iliuzwa, fedha zikagawanywa,
na hesabu ya mmoja haikuwa hesabu ya mwenziwe.
Idi tatu sasa. Kila mmoja humpigia mamake,
humtumia cha kutumia,
na nduguye humwita "yule".

"Nipe simu yako," akasema.

Kwenye yake akampata Twaha. Kwenye yangu akampigia Badi,
tarakimu akizisoma nyuma ya karatasi ya dawa.
Ukutani kwetu ilikuwa saba kasoro dakika tatu;
Muskati nane kasorobo, au karibu yake, sikuhesabu vizuri;
Guangzhou jua linakuchwa.
Akazilaza mezani zikitazamana, sauti wazi,
katikati yao stepla na risiti za jana.
Nikapima kwa jicho: morita,
haikufika shubiri.

"Haya. Semeni."

Kisha akashika mkongojo wake akatoka,
nikamsikia akishuka, ngazi moja, apumue, ngazi moja,
akaniacha mimi na wanawe.

Hawakusema.
Upande mmoja honi ilipiga, mtu akaitwa kwa Kiarabu.
Upande wa pili mlango wa chuma ulishushwa.
Feni ikazunguka. Salio langu likawa linakwenda,
shilingi kwa shilingi, kimya kikiuzwa kwa dakika.
Nilinyoosha kidole nikate.

Huko Guangzhou mtu akakohoa,
kikohozi kirefu, cha vumbi la ghala,
kikakatika, kikaanza tena.
Na kutoka Muskati, baada ya mwendo
ambao kompyuta yangu haina namna ya kuuandika:

"Bado unalala dirisha wazi, wewe?"